Ini la Kondoo Ukweni

Sijivunii kusema niligombana na mbwa nikiwa na mtoto mgongoni, tena siku ya gulio pale Omurushaka, lakini mkaguzi wa nyama alipolipasua ini la kondoo, akaviona vile vifuko vya maji vya tegu, akaandika kwenye daftari lake, kisha akamrushia mbwa wake ini lote (mbwa yuleyule aliyetoka kumlamba binti yangu Koku usoni), subira yangu iliishia hapo. Shuleni tulifundishwa kwamba mbwa akila vifuko vile anapata tegu, anatapakaza mayai kwa kinyesi, kondoo wanayala majanini na watoto wanayashika. Nikamweleza.

"Mama Koku," akanijibu, "mimi kazi yangu kuhesabu, si kuzika."

Basi nikampokonya mbwa lile ini, nikalitia kapuni, nikafunika kwa jani la mgomba, nikashika njia kwenda kwa bwana mifugo kumwonyesha. Mbwa akanifuata, akaitana na wenzake, na nilipokaribia kijiji cha Ihembe walikuwa watano, nimetangulia kama mke wa mtemi.

Kosa langu ni kupita njia ya ukweni. Mke kijana hapiti pale bila kupiga magoti, na kapu lililofunikwa jani nalo halipiti, maana hiyo ni zawadi. Mama mkwe alikuwa na wazee wa kanisa, wamekuja kupanga ubatizo wa Koku, wanatafuna punje za kahawa. Hata shikamoo sijaimaliza, kapu li mikononi mwake.

"Mlisema shule imemharibu," akawaambia wazee kwa maringo, akafunua.

Mzee mmoja akauliza taratibu kama vile vifuko ni macho. Nami (mjinga mimi) nikaanza kueleza habari za kinyesi cha mbwa, magoti chini, mbele ya wakwe, na mbwa wote watano wakaingia ndani.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "siku ile ulinipikia ndizi zikabaki mbichi nikanyamaza. Leo nyamaza wewe."

Nikainuka na kapu langu. Ini nikalizika mwenyewe, shimo la kufika kiunoni, na nimeapa sipiti tena ukweni na kapu ambalo si lao. Ila kuandika sikukatazwa, na kesho yake barua ilikuwa mezani kwa bwana mifugo:

"Bwana, ninamlalamikia mkaguzi wako wa nyama. Kila gulio anahesabu tegu za kondoo, na kila gulio anawalisha mbwa ili zisipungue. Naomba uamuru shimo lichimbwe na mbwa wafungwe, kabla hajaanza kuhesabu za watoto wetu."