Nilipeta Alizeti Mpaka Nikamfukuza Mkwe

Mlikuwa wapi ninyi? Niliwauliza humu nani ananiibia mafuta, mkaandika "mkwe, mkwe", kisha mkapotea. Rudini msikilize mlichonisaidia kuharibu.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, wa Kinyangiri. Admin, nifiche jina, ingawa wa huku watanitambua tu. Shule sikuiona. Anayeandika ni binti wa jirani, na nimemwambia anisomee mara mbili, maana simwamini.

Nina mashine ya mkono ya kukamua alizeti. Miaka yote mke wa mwanangu ndiye aliyetwanga na kupeta, mimi nasukuma mpini. Mwaka huu nikaona anaacha maganda, nikamnyang'anya ungo. "Uvivu huo!" Akasema, "Mama, acha maganda kidogo, mashine ipate cha kushika." Nikamjibu nilianza kupeta kabla mama yake hajazaliwa. Nikapeta mpaka kikabaki kiini kitupu.

Mafuta yakapungua. Gunia lile lile, dumu halifiki hata nusu. Nikaanza kumvizia. Nikachora alama kwenye dumu kwa mkaa, nijue yalipofika. Nikanusa hadi kanga zake. Mwisho nikamwita mwizi kisimani, mbele ya wanawake wote. Alijitwika ndoo, akaitua nyumbani, akambeba mjukuu wangu, akaenda kwao Nduguti.

Nikakamua peke yangu. Mafuta machache vile vile! Sasa mwizi nani? Nikashuku jirani, nikashuku fundi wa mashine, nikakaza nati mpaka moja ikakatika. Mashudu, yale makapi ya kukamuliwa, yanatoka laini, yanateleza, na mimi natazama tu.

Juzi upepo wetu huu uligoma, kupeta hakupeteki. Nikatia alizeti na maganda yake. Mpini ukawa mzito, mashudu yakatoka makavu, mafuta yakatiririka. Sikuamini. Nikajaribu safi: kidogo. Yenye maganda: tele. Mara tatu. Nikaketi chini, ungo mapajani.

Bado nina wasiwasi. Kwa nini alisema mara moja tu? Alitaka niaibike? Au mimi ndiye nisiyeambilika?

Mwanangu anasema, "Mama, ulimtukana kisimani, msamaha nao ukauombee kisimani." Wale wanawake watanicheka mpaka nizikwe. Lakini mjukuu wangu ameanza kutembea huko, na mimi sijamwona.

Nishaurini, nifanye nini? Na safari hii sitaki "pole bibi". Ukirudi humu, anza na shikamoo, kisha niandikie neno la kwanza la kumwambia nikifika mlangoni kwao. La pili nitalitafuta mwenyewe.