Uso wa Mama Mkubwa

Sisi watu wa kiwanda cha nguo tunajulikana kwa midomo. Mashine za kufuma zikishawashwa, hata umpigie mwenzako kelele sikioni hakusikii, kwa hiyo tulisema bila sauti: unachezesha midomo polepole, mwenzako anaisoma. Ukishazoea huachi. Tulisengenyana hivyo kwenye foleni ya maji, tukatukanana hivyo mezani. Mama mkubwa, dada yake mama yangu, aliyeniingiza kiwandani na kunipa pa kulala jikoni kwake, aliweza kumgombeza mumewe kutoka upande wa pili wa barabara, majirani wakadhani anatafuna kitu.

Mumewe, baba mkubwa, alikuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka. Huko kwao baba yake alifuma kwa mkono mpaka nguo za kiwanda zilipoingia sokoni kwa bei ya kutupa. Kitanda chake cha kufumia kikaishia kuwa kuni, na kijana akafunga kifurushi chake akakifuata kiwanda. "Aliyetunyang'anya chakula ndiye aliyekuwa na sufuria," alisema nilipomuuliza. Alikuwa mtu mtulivu, na kila mwaka alizidi kuwa mtulivu. Mama mkubwa alijivuna naye. Wanawake wengine, alisema, wameolewa na redio.

Kisha nchi yetu na nchi yao zikapigana. Kiwanda kikaacha kufuma mashuka ya maua. Upande mmoja wa jengo tulifuma kitambaa cha sare za askari, upande wa pili kitambaa cha kuwafungia vidonda. Vita vya panzi, furaha ya kunguru: tajiri wetu aliagiza mashine zaidi.

Askari wakaweka kizuizi darajani, njia yetu ya kwenda kazini. Hawakutaka vitambulisho. Walimnyooshea kidole huyu na yule, wakataka asikie swali na ajibu, basi, maana watu wa ng'ambo hata wakae huku miaka mingapi, lafudhi haiwatoki. Fundi viatu wa mtaani kwetu aliulizwa anakwenda wapi. Akajibu vizuri tu, kwa heshima zote, na akapandishwa lori. Hatujamwona tena. Tangu siku ile mama mkubwa alikuwa hali, hanywi, anamtazama mumewe kama mtu anayeona moto umeshika paa.

Asubuhi moja tukafika darajani watatu. Askari akamnyooshea kidole baba mkubwa.

"Wewe mzee. Unakwenda wapi?"

Mama mkubwa akadakia. "Hasikii, afande. Mashine zimemla masikio."

"Ala! Viziwi mwaka huu mmezidi."

Wenzake wakacheka. Mmoja hakucheka. Alizunguka taratibu mpaka nyuma ya baba mkubwa, akakoki bunduki, nikausikia ule mlio mpaka kwenye meno. Akasema kwa sauti, "Nikifika tatu namfumua kichwa. Moja."

Nilimtazama mama mkubwa, kwa sababu mumewe alikuwa akimtazama yeye. Nikaelewa hatari iko wapi. Akitikisa mdomo tu, mumewe atausoma, atageuka, na atakayegeuka si kiziwi. Mama mkubwa akautuliza uso wake. Sijui alikoutoa utulivu ule. Nilikuwa ubavuni pake, nikaona mkono wake ukilisokota gauni.

"Mbili."

Baba mkubwa akamtabasamia mkewe.

Askari alingoja. Kisha akateremsha bunduki, akatema mate mtoni. "Kiziwi kweli huyu. Piteni."

Siku nzima mama mkubwa alichezesha midomo juu ya mashine yake, akiwasimulia wenzake wa kuaminika. Mume wangu ana moyo wa jiwe! Ameambiwa anakufa, akacheka! Nami nilimwamini. Nilijivuna kama vile moyo ule ni wangu.

Jioni baba mkubwa aliketi kizingitini akimenya viazi, mgongo kwetu. Mama mkubwa alikuwa anapepeta mchele, bado anatabasamu. Akamuuliza kwa sauti, jambo alilofanya kwa nadra, "Mume wangu, yule shetani alipohesabu, uliwaza nini?"

Akauliza tena. Kisu kikaendelea kumenya.

Tabasamu likamtoka. Akachukua mfuniko wa sufuria, akauinua juu, akauachia sakafuni. Mimi niliruka. Baba mkubwa akachukua kiazi kingine.

Tulitazamana. Hofu iliyonishika pale ilizidi ile ya darajani. Mama mkubwa akamzunguka, akachuchumaa mbele yake.

Tangu lini? aliuliza kwa midomo.

Baba mkubwa akaugeukia mfuniko ulioanguka, akaelewa. Akafungua kinywa na kujibu kwa sauti kubwa mno, sauti ya mtu asiyejisikia, lafudhi ya kwao ikajaa uani. Mama mkubwa akamziba mdomo kwa kiganja. Nikakimbilia dirisha kulifunga.

Akaendelea kwa midomo tu. Tangu kabla ya vita. Msimamizi angejua ningefukuzwa, na mgeni asiye na kazi anarudishwa kwao. Ninyi nyote mnasema kwa midomo, nikaona hakuna haja ya kukutia wasiwasi.

Miaka yote ile, kumbe. Tulikaa naye nyumba moja, tukala naye sahani moja, na hakuna aliyegundua. Ni wafumaji tu wanaoweza kuwa wajinga kiasi hicho.

Na darajani? mama mkubwa aliuliza, mikono yake imeyashika magoti ya mumewe. Ulipotabasamu?

Nilikuangalia usoni, akasema. Nikaona umetulia. Nikajua hakuna hatari.

Mama mkubwa alilia mpaka mchele ukasahaulika. Mimi nilikuwa nawaza jambo jingine, na nikajua naye analiwaza. Wale askari huita mara moja tu, "Simama!", halafu hupiga risasi. Humwita mtu akiwa ameshawapa mgongo.

Asubuhi yake tulirudi darajani, maana kazi haingoji. Mama mkubwa alitembea ubavuni mwa mumewe, kiganja kimelala mgongoni kwake: wakiita, atamkamata shati. Kila hatua chache baba mkubwa aligeuza kichwa kuusoma uso wa mkewe, na kila alipougeukia, alimkuta ametulia.