Babu Alipotoroka Kiti

Kila nikisikia harufu ya kitunguu kinachotaka kuungua, namkumbuka babu yangu mzaa baba, na siku ya posa ya shangazi Veronika.

Babu alikuwa mpishi wa meli ziwani mpaka mashirika yalipoanza kupunguza watu, miaka ile mitumba ilipojaa Mwanza na sisi wa Buzuruga tukazoea kula mapanki, mifupa na vichwa vya sangara vilivyobaki viwandani, maana minofu yake ilikwenda Ulaya. Alirudi nyumbani na mwiko wake mrefu. Bibi hakumruhusu kugusa jiko lake, basi akahamia kwa majirani. Hapakuwa na msiba wala kipaimara mtaani ambako hakupika, na ukimtajia malipo alikununia.

Siku ya posa majirani wakalipa fadhila: walikuja kupika wao. Shangazi alimvisha Babu koti, akamkalisha sebuleni, akamsihi asiinuke. Aliogopa wageni wa kutoka Kisesa wangemkuta baba mkwe anakoroga masufuria, wakarudi walikotoka. Mimi niliambiwa nimlinde.

Nilimlinda vizuri mpaka harufu ile ilipoingia dirishani. Babu alivua koti, akanipa nishike, akatokea mlango wa nyuma. Nilimfuata nikimvuta shati, wapi.

Wageni walifika akiwa katikati ya moshi. Mshenga wao, mzee mnene mwenye maneno mengi, alikuja uani kuomba maji ya kunywa, akamsogelea.

"Mzee mwenzangu, hebu niambie. Huyu baba wa binti ni mkali?"

"Mkali kidogo," Babu alijibu huku anakoroga. "Ila akishiba hana neno."

Muda si mrefu Babu akaingia sebuleni, akavaa koti, akakaa kwenye kiti chake. Mshenga aliduwaa. Shangazi, aliyekuwa akichungulia nyuma ya pazia, alifumba macho.

"Sasa mzee," mshenga alisema baada ya kukohoa, "umeshiba, au tusubiri kidogo?"

Nyumba nzima ilicheka, Babu kuliko wote, na posa ikapokewa.

Kwa miaka mingi niliamini Babu alishindwa tu kutulia. Shangazi ndiye aliyenieleza, nikiwa mtu mzima. Utoto wake wote baba yake alikuwa majini akiwapikia abiria, na hata aliporudi aliwapikia majirani; yeye mwenyewe hakuwahi kupikiwa. Siku ile, wageni walipokuwa wanakula, Babu alimpelekea sahani chumbani, akasimama pale mpaka amalize.

"Sikuwa na njaa hata kidogo," shangazi aliniambia. "Nilikula yote."