Taarifa ya Habari Kutoka Katikati

Nyumba yetu ya Ujiji haikuwa na televisheni, lakini tulikuwa na kituo cha televisheni cha taifa. Usicheke. Kituo chenyewe kilikuwa boksi la jirani yetu wa mlango wa tatu, aliyenunua televisheni kubwa wakati ule ule televisheni zote za mji zilipoanza kudai ving'amuzi. Yeye akabaki anatazama chenga, sisi tukaliomba boksi. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka minane, akalitoboa dirisha kwa kisu cha mama, akachapwa kwa ajili ya kisu, na jioni hiyo hiyo tukaenda hewani.

Taifa nalo lilikuwa letu. Mdogo wangu alikuwa ameshapiga hesabu zake: upande huu wa ziwa ni Tanzania, ng'ambo ni Kongo, kwa hiyo kule katikati, ambako mtandao wa simu unakata, lazima kuna nchi. Tukaiita Katikati. Ilikuwa na rais, ilikuwa na jeshi la mamba, na ilikuwa na Waziri wa Uchukuzi, ambaye alikuwa baba yetu.

Baba alikuwa fundi wa injini za maboti. Alivuka kwenda Kongo kutengeneza injini moja, kazi ya wiki mbili, alisema. Tulipoanzisha kituo alikuwa amepitisha mwaka na miezi. Mwanzoni alipiga simu, halafu simu yake ikawa haipatikani, halafu mama akaacha kuipiga mbele yetu. Maboti ya ng'ambo yalifika mwaloni, pale ufukweni yanapotia nanga, siku ya Ijumaa. Basi kila Ijumaa, kwenye taarifa yetu ya habari, mdogo wangu alijitokeza dirishani na gunzi la mahindi mkononi kama kipaza sauti, akatangaza: "Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi amechelewa kutokana na majukumu ya kitaifa. Anatarajiwa kuwasili Ijumaa ijayo, inshallah."

Mtazamaji wetu alikuwa mmoja tu, mama. Kabla ya adhana ya magharibi alitandika mkeka uani, akaweka ungo wa maharage mapajani, akawa anachambua huku anatutazama. Na alitazama kweli kweli. Tukikosea kusoma, aliguna. Tukisahau hali ya hewa, aliidai, maana alikuwa muuza dagaa, na bila jua dagaa hawakauki. Ukishaingiza kichwa ndani ya boksi hukuwa tena mtoto wake, alikuita ndugu mtangazaji. Mdogo wangu aliwahi kutangaza kwamba ugali wa jana uliungua na serikali inaendelea na uchunguzi. Nikafumba macho nikisubiri kofi. Wapi! Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Ndivyo tulivyoijua sheria ya nchi: neno la ndani ya boksi halimpi mtu kofi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa na mdomo. Mdomo huo ndio ulioniponza.

Ijumaa moja mama alinituma mwaloni kuchukua dagaa wabichi kwa mwanamke aliyekuwa akituuzia siku zote. Nikamkuta anaongea na baharia wa boti la Kongo, wamenipa mgongo. "Yule fundi?" baharia alikuwa anasema. "Yule keshakuwa mwenyeji kule. Ana mke, ana nyumba, na juzi mtoto wake kafanyiwa akika. Pilau nimekula mwenyewe." Mwanamke akageuka, akaniona, akamkanyaga mwenzake mguu. Kisha akanijazia ndoo, akaongeza kopo zima juu yake bila kuombwa, na akanishika kichwani. Jamani, mwanamke yule hakuwa mtu wa kumwongezea mtu hata dagaa mmoja. Nyongeza ile ndiyo iliyonithibitishia.

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Baba alinikasirisha, ndiyo, lakini walionikera zaidi ni wa nyumbani. Mwalo mzima unajua, pilau imeshaliwa, na mama amekaa uani anaambiwa Waziri ana majukumu ya kitaifa! Niliona tunamfanya mjinga. Nikasema moyoni, lazima aambiwe, na wa kumwambia ni mimi. Ila utamwambiaje mama yako jambo kama lile, usoni? Kwetu mtoto haingilii ndoa ya wazazi wake. Hata ukisikia, hukusikia. Lakini mtangazaji anaruhusiwa.

Jioni mdogo wangu akapiga dumu tupu la mawese, ndio muziki wa taarifa ya habari. Kabla hajafungua mdomo nilimpokonya gunzi na kuingiza kichwa ndani ya boksi.

"Habari zilizotufikia hivi punde," nikasema. "Waziri wa Uchukuzi hatarudi. Ameoa ng'ambo. Amejenga, amepata mtoto, na mtoto amefanyiwa akika. Serikali inawaomba wananchi waache kumngoja."

Mama hakuinua uso. Vidole vyake viliendelea kuchambua, ila niliona anachukua mawe kwenye kirundo cha mawe na kuyarudisha kwenye maharage. Nilisubiri kofi, na haki ya Mungu nililitaka. Kofi lingenirudisha kuwa mtoto.

"Ndugu mtangazaji," akasema, "na hali ya hewa?"

Nikasoma. Kesho jua kali kuanzia asubuhi, upepo kidogo kutoka ng'ambo, ziwa shwari, wenye dagaa waanike. Nilisoma huku nalia, kamasi zinaingia mdomoni, na sikuthubutu kutoa kichwa mle ndani mpaka adhana ilipoanza.

Maharage yetu ya jioni ile yalikuwa na mawe. Tuliyatafuna hivyo hivyo, hakuna aliyelalamika.

Mdogo wangu hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne aliniambia mimi ni mwongo na nimefukuzwa kazi. Ijumaa iliyofuata mama alitandika mkeka saa ile ile, akapakata ungo, akakaa ameelekea kwenye boksi. Hakuna aliyeingia. Alimaliza maharage yake, akakunja mkeka. Ijumaa ya pili yake alichambulia jikoni, na boksi likawa la kuku kutagia.

Jambo hili nimekuwa nalo miaka yote. Watu husema lisemwalo lipo, na mimi nilijitetea kwa hilo hilo: si nilisema kweli? Baba hajarudi mpaka leo. Hupiga simu siku ya Idi, anauliza tumepika nini. Mdogo wangu sasa ni fundi wa ving'amuzi mjini Kigoma, anapanda juu ya mapaa ya watu kuelekeza madishi, na ukimtania kuhusu Katikati anajifanya anatafuta bisibisi. Mama tumemnunulia televisheni bapa, ipo ukutani. Muda mwingi imezimwa, tena ameifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea nikamkuta uani na ungo wake. Nikamwamkia, nikakaa mkekani, nikaanza kumsaidia kuchambua. Siku hizi na mimi ni mama, na binti yangu ana mdomo kama wangu, pengine zaidi. Wiki ile alikuwa ameniambia neno mbele ya wageni, neno la kweli kabisa, nikatamani ardhi ipasuke. Labda ndicho kilichonisukuma.

"Mama," nikasema, "naomba unisamehe ile habari niliyokutangazia. Haikuwa kazi ya mtoto."

"Habari ipi?"

"Ya baba. Ile ya ndani ya boksi."

"Aa, ile!" Akachukua jiwe, akalitupa pembeni. "Ile niliijua. Yule aliyekuwa akituuzia dagaa aliniambia kabla ya Ramadhani, miezi mingi kabla yako wewe. Kwani ulidhani mwalo mzima ulikuwa unakungoja wewe na gunzi lako ndio nijue?"

Nikabaki mdomo wazi, mimi na mdomo wangu wote. Miaka yote nilijihesabu kuwa ndiye niliyemvunja moyo mama yangu, kumbe moyo ulikuwa umeshavunjika, na bado kila Ijumaa alitandika mkeka. Nilihisi kulia na nilihisi hasira, na ndivyo nilivyoumbwa, hasira ikatangulia.

"Sasa mama, kama ulijua, kwa nini ulikaa hapo kila wiki kusikiliza uongo ule?"

Alipepeta ungo, maganda yakaruka, akauweka chini.

"Kwenye nchi yenu alikuwa bado anakuja," akasema. "Nilikuwa nimebaki na hiyo tu, mwanangu. Ukaizima."