Koti la Shujaa

Koti nililokuja nalo kutoka upande wa Longisa lilikuwa refu, limepita magoti. Baba yangu alilipata kwa askari aliyerudi kutoka vitani, akatoa mbuzi. Nililivaa kila Jumapili, mvua au jua, nikidhani linanifanya mtu. Katika ile kambi ya chai nilikuwa Mkipsigis peke yangu kati ya watu wa ziwani na Wakisii, na Kiswahili changu kilikuwa kichekesho chao. Asubuhi moja nilimwambia mnyapara "kari imefika", nikimaanisha gari la ng'ombe la kubeba majani, na tangu hapo kila gari lilipochomoza kwenye kona kambi nzima iliimba, "Kari! Kari!" Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa nawaka.

Jambo moja tu niliwashinda: hadithi. Jumapili, wakitoka kwenye sala, walijaa katika banda la kupimia majani, nami nikawapa shujaa wangu. Aliruka kutoka Soin akatua Chepilat. Alijitwika gari pamoja na ng'ombe wake. Sikuwapa yote kwa mkupuo. Nilikatiza pale rungu linapoinuliwa, wakabaki kuninung'unikia wiki nzima wakichuma. Wimbo wa kari ulikufa. Hicho ndicho nilichokitaka kuliko mshahara: nisikilizwe bila kuchekwa.

Siri ya shujaa niliidokeza siku ya kwanza, mara moja tu, harakaharaka, kama mtu anayefukia mbegu. Nguvu zake zote zilikuwa gotini, na goti likigusa ardhi zinamtoka. Baada ya hapo sikulitaja tena, nikawa napanda dalili. Mtoni alikunywa maji akiwa amesimama, kwa jani la mgomba. Usingizi aliupata akiegemea mti. Kwenye utelezi alikanyaga mawe tu. Fundi mmoja wa kiwandani, mtu wa ziwani mwenye utani mwingi, alikuwa akitikisa kichwa. "Huyu anaogopa matope," alisema. Nilifurahi, nikajua amenasa.

Mvua za masika zilipokaribia kwisha nikauleta mwisho. Nilimwangusha mama yake shujaa njiani, mgonjwa, maadui wakija nyuma. Kumwinua, ni lazima mwanawe apige goti. Mama mmoja mzee wa Kisii, aliyechuma mstari mmoja nami, alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Nikasimama, nikatoa kile nilichokificha msimu mzima.

"Akaangalia mama yake, akaweka koti chini!"

Nilingoja kilio.

"Amefanya vizuri," fundi akasema. "Mama asilale kwa matope."

"Lakini si nguvu iko kwa koti?" mwingine akauliza. "Si avalishe mama hiyo koti, mama abebe yeye?"

Banda likapasuka kwa kicheko.

"Si koti!" nikapiga kelele. "Koti! Koti!" Nikajipiga kwenye goti, na mkono ukatua juu ya koti la baba yangu.

"Ndiyo, koti, tumeiona," fundi akasema.

Hapo akili ilinitoka. Nikalipandisha lile koti hadi pajani, nikawaonyesha goti tupu. Wanawake wakageuza nyuso.

"Ooh, goti," fundi akasema polepole, kama anayefundisha mtoto.

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza goti. Kumbe msimu mzima walikuwa wanasikiliza habari za mtu anayechunga nguo yake isichafuke. Kila dalili ilikuwa imewaingia sawasawa, ila katika hadithi nyingine. Nikatoka nje kwenye mvua, nimejifunika koti kichwani, na nyuma yangu watoto wakaanza wimbo mpya.

Yule mama mzee alikuwa amenifuata hadi mlangoni pa banda. "Mtoto yangu, sasa huyo mama aliinuka ama bado?"

"Imekwisha, mama," nikamjibu, nikaenda zangu.

Jumatatu, tukiwa kwenye mstari, aliniuliza tena, kwa sauti ya chini, mikono yake ikiwa majanini. Hapo ndipo aibu ya kweli iliponishika, na ile ya jana ikawa mchezo. Nilikuwa nimelipenda goti langu mno, namna litakavyoshuka na watu watakavyoshangaa, hata nikamsahau mama wa watu chini kwenye matope. Na jibu nilikuwa nalo. Goti linashuka, nguvu zinamtoka, anamwinua kwa mikono ya mtu wa kawaida tu. Lakini nisingeweza kulieleza bila kutamka neno lile, na wachumaji wa mstari wa pili walikuwa wamesimamisha mikono, wakilingoja.

"Sijui, mama," nikasema.

Alichuma kidogo, akatupa majani kikapuni.

"Basi nitamwombea," akasema, na hakuwa anatania.