Kura na Kula: Miaka Yangu na Bwana Mkonge

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa msumari. Karani Mkuu wa shamba la mkonge, nje kidogo ya Thika, aliuona uso wangu akacheka, akasema ile ni kalamu ya chuma ya kuchorea stensili. Stensili ni karatasi iliyopakwa nta. Unaikwaruza, unaifunga kwenye mashine, unazungusha mkono, na wino unapenya pale ulipokwaruza. Ukikosea unapaka dawa nyekundu, unapuliza ikauke, unaanza tena. Nyinyi wa leo mnafuta kwa kidole tu, halafu mnalalamika mmechoka.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza wakipambana na Mau Mau, nami nilikuwa msichana wa Kikuyu mwenye mwandiko mzuri wa misheni. Nilikaa Thika kwa sababu ya kibali cha kazi. Kazi ikiisha, kibali nacho kimeisha, narudishwa kijijini, kile walichokizungushia mtaro na seng'enge. Hilo niliamka nalo kila asubuhi.

Kazi yenyewe ilikuwa gazeti la wafanyakazi, na ukurasa uliopendwa ulikuwa wa Bwana Mkonge, jitu la kuchorwa lenye kifua cha pipa. Viganjani mwake mlitoka kamba za mkonge zisizokatika. Akivuta, lori linatoka matopeni; akirusha, ananasa fisi, mwizi, hata mafuriko ya mto Chania. Mchoraji alikuwa Wekesa, Mluhya aliyetoka magharibi, fundi wa mashine za kusaga majani ya mkonge. Yeye alichora, mimi nikaandika maneno ndani ya viputo, vile viduara vinavyotoka mdomoni.

Kila hadithi ilikuwa na visanduku vinne tu. "Iishe kabla chai haijapoa," Meneja wetu Mzungu alituamuru, maana mapumziko yalikuwa mafupi. Wasiojua kusoma walimzunguka Mzee Njoroge, mkata mkonge, naye akawasomea kwa sauti ya mhubiri. Ukidhani ni rahisi, jaribu wewe kuokoa watu kwa visanduku vinne.

Sasa mjue kwamba Kikuyu chetu hakina L; ulimi hutoa R. "Dada, leo umekuja na rori?" Wekesa alinitania. Nami nikamjibu heri rori yangu kuliko "pwana" yake, maana yeye B ilimshinda.

Wiki moja tulitoa hadithi ya njaa. Nyapara mchoyo amefungia unga stoo. Bwana Mkonge anang'oa mlango kwa kamba. Kisanduku cha nne, mkono juu, anatangaza watu wote wapate kula. Mimi nikaandika kama mdomo wangu ulivyoniambia: WATU WOTE WAPATE KURA!

Jumatatu akaja Bwana Shauri, yaani afisa wa wilaya, na askari wawili. Akalitupa gazeti mezani.

"Nani naandika hii?"

Meneja akawa mweupe kuliko kawaida yake. Wekesa akasimama. "Ni mimi, pwana."

Alikuwa na watoto wanne, mjinga yule. Nilimpenda kama kaka tangu dakika ile, lakini moyo wangu ulikataa.

"Picha ni zake, bwana," nikasema. "Maneno ni yangu."

"Wewe nataka watu wote pata kura?"

"Ndiyo, bwana. Warikuwa na njaa."

"Njaa ya kura?"

"Ndiyo, bwana. Waritaka kura ugari."

Karani Mkuu akaziba mdomo. "Kula, bwana!" Meneja akapiga kelele. "Kula chakula!" Hapo ndipo nilipotambua nilichoandika: nilikuwa nimewadai kura watu wasioruhusiwa kupiga kura. Kibali changu kilikuwa tayari mkononi mwa askari.

Bwana Shauri aliniamuru niseme lori. Nikasema rori. Lala. Rara. Akanirudishia kibali. Akaagiza magazeti yote yakusanywe, yachapwe upya, na L ionekane vizuri.

Nilipaka dawa nyekundu, nikaandika L. Siku iliyofuata, wakati wa chai, Mzee Njoroge akashika toleo lililosahihishwa, akakohoa, akalisoma lile neno lenye L yangu kubwa mbele ya watu wote: "Watu wote wapate kura!" Wakapiga makofi. Wekesa akainamia kikombe chake, mabega yakimtikisika. Dawa nyekundu haifiki mdomoni.

Baadaye nilihamishiwa shamba la kahawa Ruiru, chini ya Msimamizi mmoja mkali aliyehesabu hata vifutio. Kabla sijaondoka, Wekesa alikuwa amenifundisha: lala, lima, lori, kula. Kwa miaka yote iliyobaki nilisahihisha L na R za makarani wote, bila huruma, hadi nikastaafu nikiwa Karani Mkuu mimi mwenyewe.

Vijana huja hapa kwangu Kamenu kuniuliza kama kazi ile ilikuwa na maana, picha za jitu na kamba. Huwajibu kwa habari ya foleni moja, asubuhi ya uchaguzi wetu wa kwanza sote, wakata mkonge kwa makarani. Mbele yangu alisimama mzee amevaa koti la kuazima. Aligeuka, akanitambua.

"Mama wa Bwana Mkonge!" akasema Mzee Njoroge, ambaye sasa alikuwa ameijua L na kuitia kila mahali. "Hata wewe umekuja kupiga kula?"

Sahihisho lilinifika mdomoni, nikalimeza.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Nimekuja kupiga kula."