Kanda Kumi Kutoka Ujerumani

Nilikulia zama za kupanga foleni ya sabuni, kwa hiyo maduka ya Mwanza yalipoanza kujaa redio na vinanda vya umeme nilipagawa kama wengine. Nilikuwa mwalimu wa kwaya ya usharika wetu pale Igogo, na kulikuwa na kinanda kimoja dirishani mjini nilichokitamani hadi nikakiota. Kinapiga ngoma chenyewe, kinapiga besi chenyewe, na hakibishi.

Aliyekuwa akibisha ni mpiga gitaa wetu, naye alikuwa baba yangu mzazi. Fundi mstaafu wa meli, Mhaya mwenye maringo yake, alikuwa amelipiga gitaa lile miaka ishirini, na sasa vidole vilianza kumkakamaa. Tulikuwa tunajiandaa kurekodi kanda yetu ya kwanza. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikaiambia kamati kwamba gitaa limepitwa na wakati, tununue kinanda. Sikumtaja mtu. Wakasema tutaamua baada ya wiki mbili.

Siku hizo hizo likaja kasha kutoka usharika rafiki wa Ujerumani. Lilikuwa na makoti, vitabu vya nyimbo, na sanduku jeusi lenye kanda kumi na kijitabu cha picha. Nani aliliingiza humo sijui hadi leo. Juu yake palikuwa na picha ya wanaume watano wenye nywele za kufika mabegani.

"Hizo ni nyimbo za Mungu," mzee wa kanisa alisema. "Wajerumani ndio waliotuletea tenzi. Watatutumia nini kingine?"

Mtu mmoja akauliza kuhusu zile nywele. Mzee akamjibu kwamba hata Yesu kwenye picha anazo, na hapo mjadala ukafungwa.

Jumamosi tukakusanyika kanisani. Mzee akaiombea kanda, ombi refu kweli, kisha akabonyeza redio. Gitaa likalia kama bati linalochanwa, ngoma zikaporomoka, na mwanaume akaanza kupiga kelele utadhani ameibiwa. Waimbaji wa sauti ya kwanza wote wakaziba masikio. Mzee hakutikisika, Biblia kifuani.

"Huo ni utangulizi," alisema. "Subirini wimbo."

Tukasubiri. Baba alikuwa amejiinamia, anacheka hadi machozi yanamtoka. Kanda ilipoisha akaomba akae na lile sanduku, na mzee akampa upesi kuliko nilivyowahi kumwona akitoa kitu chochote.

Wiki ile kila jioni nilimpelekea baba samaki wa kutoka soko la Mwaloni, nikawa nakaa kusikiliza. Baba hakukubali turuke hata wimbo mmoja. Kanda ya kwanza ilikuwa vurugu tupu, vijana wanaoiga wenzao na kukosea, na wala hawakuona haya kuiweka mbele. Kufika ya tano walikuwa wameiva. Katika ya kumi walikuwa watu wazima, vipara vinachungulia kijitabuni, na bado wananguruma. Sikuelewa neno hata moja, ila niliwapenda, na niliwaheshimu. Kubaki katika kazi moja umri wote, halafu kuwafungulia watu sanduku zima, ujinga wenu wa mwanzo ukiwemo, kunataka moyo. Mimi niliyetaka kumfukuza mtu kwa sababu ya kinanda nikajiona mdogo kama kidonge cha piriton.

Siku moja kabla ya kikao nikaenda mapema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama."

"Baba, ile habari ya kinanda niliianzisha mimi. Nisamehe. Kesho nitaifuta, wewe utapiga."

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Kamati ina watu saba na midomo saba." Akafungua kijitabu. "Huyu hapa mpiga gitaa, unamwona? Kurasa za huku mbele hayupo. Gitaa kalishika mwingine, na bendi ni ile ile."

"Lakini wengine wamezeekea humo humo!"

"Wamezeeka, na wanapiga kuliko ujana wao. Mimi je? Niambie ukweli, mwalimu."

Hakuwahi kuniita mwalimu. Nilitafuta uongo mzuri nikaukosa.

"Basi," alisema, wala hakukasirika. "Miaka ishirini nakaa nyuma yenu, naona migongo tu. Sijawahi kuisikia kwaya hii kutoka mbele. Nunueni kinanda chenu. Mimi nitakaa kwenye benchi."

Tulikinunua. Siku ya kurekodi baba alikuja amevaa koti mojawapo la Wajerumani, akaketi benchi la mbele. Mwalimu wa kwaya hutazama waimbaji, kwa hiyo uso wake sikuuona. Katikati ya wimbo wa pili nikasikia kiatu kikigonga sakafu nyuma yangu, kikikiongoza kinanda, kikikihimiza pale kilipolegea. Fundi wa kurekodi akasimamisha mashine. Kuna mtu anapiga mguu, alisema, itabidi turudie.

Nikamwambia haturudii.

Baba hayupo tena. Kanda ninayo, na kwenye wimbo wa pili kiatu chake kinasikika hadi mwisho.